Kuingia chuo kikuu bila kidato cha sita: wapi watu hukwama, na kwa nini

Anayeomba chuo kikuu Tanzania kwa mlango usio wa kidato cha sita huja na karatasi anayojivunia: diploma, barua ya mwajiri, cheti cha nje ya nchi. Afisa udahili haanzi na hiyo. Anaanza na matokeo ya kidato cha nne, na hapo ndipo wengi wanapokwama, wakiwa wameshalipa ada ya diploma miaka mitatu bila mtu wa kuwaambia mapema.

Kanuni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa waombaji wa sifa linganishi, yaani wasiopitia kidato cha sita, ni hii: uwe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, D au zaidi, ndipo diploma yako isomwe. D yenyewe siyo mlima, ni alama 30 hadi 44. Asiyefikisha nne anaweza kuokolewa na cheti cha ufundi stadi, NVA ngazi ya tatu, na inasikitisha jinsi mafundi waliopita VETA wasivyojua kwamba mlango huo upo kwa ajili yao.

Hizo D nne ni kizingiti cha jumla tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na ndiyo yanayouma. Chukua udaktari wa binadamu. Mwenye diploma ya utabibu anatakiwa wastani wa B au GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, isiyopungua 3.5, halafu awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Tabibu aliyetibu kijijini miaka sita, ana GPA ya 4.2, wagonjwa wanamwita daktari, anarudishwa kwa F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Hakuna barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya itakayoifuta ile F. Kinachoifuta ni kurisiti, yaani kurudia mtihani.

Na kurisiti kuna kalenda isiyomsubiri mtu. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufunguliwa Januari, ukifika Machi ni wa faini. Ada kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 50,000, na 65,000 kwa aliyechelewa. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari, dirisha la vyuo Julai. Sasa piga hesabu ya mtu aliyegundua tatizo lake mwezi wa Aprili: usajili wa mwaka huo umeshampita, atajisajili Januari ijayo, atafanya mtihani Novemba, atapata matokeo Januari inayofuata, na ataomba chuo Julai. Miaka miwili na zaidi kwa somo moja. Ndiyo maana ushauri wetu kwa kijana anayeanza diploma yenye ndoto ya digrii ni aangalie masharti ya ile digrii kabla ya kuanza muhula wa kwanza, arisiti somo lililopungua akiwa bado anasoma diploma. Miaka ile mitatu inatosha kabisa kufanya hivyo, na anayerudia mtihani anaweza kusajili somo moja au mawili tu, halazimiki kubeba yote saba.

Aibu ipo, tusidanganyane. Mtu mwenye watoto anakaa chumba kimoja cha mtihani na vijana wa umri wa mwanawe, na msimamizi anamwita kwa namba. Wengi huficha hata nyumbani. Lakini waliofaulu karibu wote wanasema jambo moja: kilichowasumbua ni kukaa wiki nzima na vitabu vya kidato cha pili baada ya kazi, wala siyo macho ya watu siku ya mtihani. Hisabati ya kidato cha nne haitaki ubingwa kwa anayetafuta D. Inataka mada chache uzijue kweli, na karatasi za mitihani iliyopita uzifanye kwa saa, mkononi una kalamu.

Ukiomba chuo baadaye, unajaza namba zote mbili za mtihani, ile ya shuleni inayoanza na S na ile ya kujitegemea inayoanza na P. Watu hujaza ile mpya peke yake, mfumo unaona somo moja, unawatupa nje. Kosa la dakika moja.

Kabla ya kwenda mbali, neno kwa waliosoma kidato cha sita zamani wakajiandikia wenyewe kwamba hawana sifa. Sharti la chini ni prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili yanayobeba kozi husika. Waliomaliza kabla ya 2014, na waliomaliza kuanzia 2016, wanahesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C moja na E moja zinatosha vilevile. Waliomaliza 2014 na 2015 wako kwenye kapu lao, kwa sababu miaka ile kulikuwa na B+ na madaraja yalibadilishwa: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Mwenye D mbili za 2015 ana pointi mbili tu, mwenye C mbili ndiye mwenye nne. Tumeona mtu wa 2015 akilinganisha cheti chake na cha mdogo wake wa 2018 na kukasirika kwamba amedhulumiwa. Hakudhulumiwa, herufi ni zilezile ila uzito wake ni mwingine. Na General Studies haihesabiwi, hata ungekuwa na A.

Maneno "masomo mawili yanayobeba kozi" ndiyo yanayosomwa haraka haraka. Pointi zako nne zikitoka Historia na Kiswahili, na kozi unayoitaka inadai Uchumi au Hisabati, basi kwa kozi ile huna kitu. Siyo kwamba hufai kwenda chuo; hufai kwa kozi ile. Badilisha kozi kabla ya kubadilisha njia.

Tuje kwenye diploma, maana ndiyo njia yenye watu wengi na ndiyo yenye mitego midogo midogo.

Sharti la jumla kwa stashahada (diploma) ya NTA ngazi ya sita, NTA ikiwa ni mfumo wa ngazi za tuzo za elimu ya ufundi, ni GPA ya 3.0. Mtego wa kwanza uko kwenye jina la daraja. Kwenye ngazi ya sita, daraja la pili la chini linaanzia 2.7 hadi 3.4. Kijana anapata 2.8, cheti kinasomeka daraja la pili, nyumbani wanachinja kuku, na Julai anagundua kwamba nusu ya wale wa daraja lake wanaruhusiwa kuomba na yeye hayumo. Anayesoma diploma leo aangalie namba, asiangalie jina la daraja. Na kwa kuwa kwenye ngazi hiyo A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, maana yake ni kwamba kila C unayoichukulia kawaida muhula wa kwanza lazima ilipiwe na B+ mahali pengine, tena ya somo lenye uzito uleule wa krediti. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupambana kuinua GPA nzima kwa muhula mmoja. Haiinuki hivyo.

Wenye vyeti vya zamani wana vipimo vyao. FTC, cheti cha zamani cha fundi sanifu, inatakiwa wastani wa C. Diploma ya ualimu inatakiwa wastani wa B. Diploma zisizo na madaraja zinatakiwa ziwe na alama ya juu kabisa, na zile zenye madaraja ambazo haziko kwenye mfumo wa NTA zinatakiwa daraja la pili la juu. Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huuweka kwenye tovuti yake kila mwaka bure. Kuna vitabu viwili: kimoja cha waombaji wa kidato cha sita, kingine cha wenye diploma na sifa linganishi. Usishangae, wengi husoma kile kisicho chao. Fungua kile cha pili, tafuta chuo, tafuta kozi, soma masharti yake neno kwa neno, kisha angalia safu ya idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi 50 na kozi yenye nafasi 400 haziombwi kwa matumaini sawa.

Mtego wa pili ni AVN. Hii ni namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Mfumo wa chuo kikuu haukuulizi diploma yako kwa kupakia picha ya cheti. Unakuuliza AVN, ukiijaza unavuta matokeo yako moja kwa moja. Bila AVN fomu haiendi mbele. Unaiomba kwenye mfumo wa NACTVET, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unasubiri.

Kinachochelewesha siyo baraza mara nyingi. Ni chuo ulikotoka. NACTVET haiwezi kutoa namba kwa matokeo ambayo chuo hakijayawasilisha, na vyuo vya kati vingine hukaa na matokeo ya muhula wa mwisho wiki kadhaa wakisubiri kikao, au vinashikilia ya anayedaiwa ada. Mwanafunzi anakaa kijijini akiamini kila kitu kinakwenda chenyewe. Wa kumfuata ni ofisi ya taaluma ya chuo, swali ni moja na liulizwe hivihivi: matokeo yangu ya ngazi ya sita yameshawasilishwa NACTVET? Wakisema bado, uliza yatakwenda lini na nani anashughulika. Ukisikia "tunalifanyia kazi," rudi baada ya siku tatu. Deni la ada lililobaki lipe kipaumbele kuliko ada ya maombi ya chuo kikuu, kwa sababu hilo la pili haliwezekani bila la kwanza. Waliomaliza diploma Julai au Agosti mara nyingi wanakosa awamu ya kwanza ya maombi kwa sababu hii tu, wanaingia ya pili wakati kozi kubwa zimeshajaa.

Mtego wa tatu ni jina. Kidato cha nne umeandikwa Mwanaidi J. Salum, diploma ni Mwanaidi Juma Salumu, kitambulisho cha NIDA ni kitu kingine. Kwa macho ya mtu ni mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Kama tofauti ni ya herufi au ya kifupisho, kiapo cha wakili kinatosha mahali pengi. Kama umebadilisha jina kweli, kwa ndoa au kwa dini, inahitajika hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haipatikani wiki ya dirisha. Ukijiunga na diploma jiandikishe kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi, hata kama hulipendi.

Sasa yule wa GPA ya 2.8. Huyu, na yule wa kidato cha sita aliyeambulia pointi moja na nusu, wana mlango unaoitwa Foundation wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ni mwaka wa masomo ya kuandaa mtu kwa digrii, na masharti ya kukitumia cheti chake yameandikwa wazi: GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako, iwe sanaa, sayansi au biashara. Juu ya hapo lazima uwe na kimoja kati ya hivi: pointi zisizopungua 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au diploma yenye GPA ya kuanzia 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya tano.

Watu huisoma sentensi ya kwanza wakaiacha ya pili. Wanamaliza Foundation vizuri, wanakuja kuomba, wanaulizwa kile kimoja kati ya vitatu, hawana. Foundation haimbebi mtu kutoka kidato cha nne moja kwa moja hadi digrii. Asiye na chochote kati ya hivyo vitatu aanzie chini, cheti cha NTA ngazi ya nne na ya tano, ambavyo vinamjengea pia njia ya diploma akibadili mawazo.

Jingine: Foundation iliyotajwa kwenye mwongozo ni ya Chuo Kikuu Huria. Ukikuta tangazo la ukutani la kozi ya maandalizi ya miezi michache inayokuahidi nafasi chuo kikuu chochote, omba uonyeshwe mahali ilipotajwa kwenye mwongozo wa mwaka huo. Pesa nyingi za wazazi zimeishia kwenye matangazo hayo.

Tunaweza kusema kwa haki kwamba Foundation ni ngumu kuliko inavyosemwa mtaani. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikiwa cha masafa, na utamaduni wake ni huo: unasoma mwenyewe, kituo cha mkoa kipo, mwalimu hakufuati. Aliyezoea kuandikiwa notisi ubaoni huishiwa pumzi mwezi wa tatu. Wanaofanya vizuri ni walimu, askari na wauguzi wanaotenga saa mbili za alfajiri kila siku, na wanaounda kundi la watu wanne watano wa mkoa mmoja. Anayejiandikisha akasubiri wiki ya mtihani hupata zile C mbili badala ya tatu, na C mbili hazimfikishi popote.

Mlango wa watu wazima, ule wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unajulikana kwa kifupi RPL. Siyo wazo geni hapa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwahi kuufanya uzoefu wa kazi kuwa sharti la kila anayetaka chuo kikuu: umalize shule, ufanye kazi, ndipo urudi kusoma. Mtihani wa watu wazima uliwapeleka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, makarani na walimu wengi ambao baadaye waliendesha ofisi za nchi hii. RPL ya leo ni mjukuu wa mpango ule, chini ya uratibu wa TCU, na ina sehemu mbili ambazo lazima zote uzishinde: mkoba wa kazi na mitihani.

Mkoba ndio unaowashinda watu ambao kazini ni mafundi kweli. Wanaandika wasifu wa kuombea ajira, wanaambatanisha barua ya "mfanyakazi hodari na mwadilifu," wanaamini wamemaliza. Mpimaji hatafuti uhodari, anatafuta ushahidi kwamba unachokijua kinafanana na kinachofundishwa kwenye kozi unayoiomba. Kwa hiyo chukua maelezo ya kozi hiyo, soma masomo ya mwaka wa kwanza, kisha kwa kila eneo unalolimudu weka kitu kinachoshikika: ripoti uliyoiandika wewe, mchoro wenye sahihi yako, hesabu za mradi, picha za kazi zenye tarehe na mahali, ratiba ya mafunzo uliyoyaendesha, vyeti vya kozi fupi. Chini ya kila kimoja andika mistari mitano: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, kwa nini hivyo na siyo vingine. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye alama. Barua ya mwajiri iseme majukumu na miaka, kwa karatasi yenye nembo na simu inayopokelewa. Mwajiri wako wa zamani amefunga ofisi? Tafuta aliyekuwa bosi wako, mikataba, hati za mishahara, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii; hiyo ya mwisho inathibitisha miaka yako bila mjadala.

Kukusanya haya si kazi ya wikiendi. Anza mwaka kabla ya tangazo. Na mtihani usiudharau kwa sababu una uzoefu: karatasi zinapima kusoma, kuandika kwa mpangilio na kufikiri kwa Kiingereza, na hapo ndipo mtu wa miaka ishirini kazini anapogundua kwamba hajaandika insha tangu shule.

Waliosoma nje wana mgawanyo wa ofisi unaochanganya. Vyeti vya sekondari vya nje, pamoja na mitihani ya Cambridge hata kama uliifanyia shule ya Dar es Salaam au Arusha, vinalinganishwa na NECTA, Baraza la Mitihani. Diploma za nje zinakwenda NACTVET. Digrii za nje zinakwenda TCU. NECTA ikimaliza inakupa namba ya ulinganifu inayoanza na EQ, na hiyo ndiyo utakayoijaza mahali pa namba ya mtihani. Waliosoma Burundi au Kongo wana hatua moja zaidi: vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe rasmi kwanza. Mzazi anayerudisha watoto nchini afanye ulinganifu mwezi uleule anaofika. Julai mistari ni mirefu.

Dirisha likifunguliwa, kumbuka kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 hakuna tena mfumo mmoja wa pamoja kama ule wa 2010. Unaomba kila chuo kwenye mfumo wake, na kila chuo unakilipa ada yake ya maombi, ambayo kwa vingi ni shilingi 10,000. Vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa kusoma mwongozo vina faida kuliko vinane vya kubahatisha. Kimoja kiwe cha ndoto, kimoja sifa zako zinakizidi kidogo, cha tatu uwe na uhakika nacho. Weka kozi yenye nafasi nyingi mahali fulani kwenye orodha.

Kuna jambo dogo linaloharibu maombi mazuri kila mwaka. Mwombaji anakwenda kwa mtu wa stationeri, yule kijana anajaza fomu kwa haraka, na anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili "taarifa zisipotee." Agosti mwombaji anachaguliwa vyuo viwili. Hapo anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kijana wa stationeri, ambaye ana waombaji mia mbili, au amehama, au anataka elfu ishirini kuutoa. Siku za kuthibitisha ni chache. Asiyethibitisha anapoteza nafasi zote mbili na anaanza upya kwenye awamu inayofuata kwenye masalia. Fungua barua pepe yako mwenyewe kwanza, laini iwe yako na imesajiliwa kwa jina lako, nywila uiandike kwenye daftari. Mwenye stationeri alipwe kwa kupiga chapa tu. Na ukiwa umechaguliwa chuo kimoja tu hutakiwi kutafuta namba ya siri. Watu hupata homa bure wakiisubiri.

Pesa ndipo mlango usio wa kawaida unapoonyesha bei yake. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo, HESLB, inamtaka mwombaji asizidi miaka 35, asiwe na ajira rasmi, na awe amemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita. Pima hapo watu wa RPL: wengi wana ajira, wengine wamevuka umri. Kwa hiyo panga kujilipia. Anayetimiza masharti aombe bila kuchelewa, ada ya maombi ni shilingi 30,000, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Nje ya ada ya masomo kila mwaka kuna shilingi 20,000 za TCU za udhibiti wa ubora na 50,400 za bima ya afya kwa asiyekuwa nayo, halafu michango ya chuo chenyewe, kitambulisho, umoja wa wanafunzi. Mwenye mkopo pia asiingie mjini na nauli tu, kwa sababu bumu la kwanza, pesa ya kujikimu ya mkopo, huweza kuchukua wiki kadhaa kufika. Chumba cha nje ya chuo mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita mbele. Hilo ndilo linalowarudisha watu nyumbani wiki ya pili, kuliko ada.

Mtumishi wa umma asijiandikishe kabla ya kushika mkononi barua ya ruhusa ya masomo. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa kazi haitambuliki akihamishwa. Aliyekwenda masomoni bila barua anahesabiwa mtoro, na utoro unafukuzisha kazi hata kama unasoma kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Omba ruhusa ukiwa umeshaonyesha kozi hiyo kwenye mpango wa mafunzo wa idara. Kwa njia hiyo hata mshahara unaendelea bila ubishi.

Siku ya usajili peleka vyeti halisi vyote, vya kidato cha nne vyote viwili kama ulirisiti, transkripti, cheti cha kuzaliwa, kiapo cha jina. Matokeo ya mtandaoni hayapokelewi mahali pa cheti, isipokuwa kwa waliomaliza mwaka huohuo. Cheti kilichopotea kishughulikiwe polisi na NECTA miezi kabla. Wapo waliopokelewa kwa nakala, uhakiki ukafanyika mwaka wa pili, wakaondolewa na ada yao isirudi.

Ukiingia kozi usiyoitaka, usiache masomo ukasubiri mwakani. Kuna dirisha fupi la kuhama kozi au chuo baada ya usajili wa mwaka wa kwanza. Masharti ni mawili: uwe na sifa za kozi unayohamia kwa mujibu wa mwongozo uleule, na kuwe na nafasi. Barua ya maombi ipelekwe chuo unachotoka na unachokwenda, siku ya kwanza dirisha linapofunguliwa, kwa sababu nafasi zinazobaki ni za waliochaguliwa na hawakuripoti, na zinakwisha kwa aliyefika mapema. Kama una mkopo, hakikisha chuo kipya kimeitaarifu Bodi, la sivyo fedha zitaendelea kwenda kule ulikotoka.